Mtoto Aliyesubiri Alhamisi

Katika kijiji cha Mrindo, juu kabisa milimani, ugonjwa ulikuwa na siku yake. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jino likiuma Ijumaa, lilisubiri Alhamisi. Mgongo ukikaza Jumapili baada ya ibada, ulisubiri Alhamisi. Si kwamba watu wa Mrindo walikuwa wajinga. Alhamisi ndiyo siku ya gulio kule chini Ikombeni. Ndiyo siku pekee ambayo gari la Mrindo lilishuka. Ndiyo siku tangawizi ilipopata mnunuzi. Na hospitali ya jamii ya Ikombeni ipo pale pale, ng'ambo ya barabara, ukitoka gulioni unaiona. Kwa hiyo mtu alishuka na gunia lake na ugonjwa wake kwa nauli moja, na jioni akapanda na chumvi na vidonge.

Justa naye aliishi hivyo. Hakuwahi kujiuliza.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba. Justa alikuwa amechutama kwenye mfereji, anaosha tangawizi kwa brashi ya kufulia. Mgongoni alikuwa amembeba Irine, mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi miwili. Irine alikuwa anakohoa.

Mama mkwe wake, Bibi Ernesta, alikaa kizingitini akichambua maharage ya makande.

"Huyo mtoto anakohoa tangu jana," alisema.

"Ni ukungu, mama."

"Ukungu huo. Baba yake alikohoa kila Julai mpaka akaota ndevu."

Justa alicheka, akaendelea kusugua tangawizi. Irine alikohoa tena, kisha akashika nywele za mama yake na kuzivuta. Mtoto anayevuta nywele hana shida, Justa aliwaza.

Jumanne Irine aliamka na joto. Pumzi yake ilikuwa ya haraka, kama ya mtu aliyepanda mlima mbio. Justa alimfuata mume wake, Zebedayo, ambaye alikuwa anachukua jembe ukutani.

"Baba Irine, kwa nini tusishuke naye leo?"

Zebedayo alimtazama mtoto, akamgusa paji la uso. "Leo ni zamu yetu ya maji."

Justa alilijua hilo. Watu wa Mrindo hunywesha mashamba kwa maji ya ndiva, yaani bwawa walilochimba babu zao juu ya kijiji. Kila nyumba ina siku yake. Ukiikosa siku yako, unakaa siku tisa ukiangalia mahindi yako yanavyojikunja.

"Na bodaboda ya kushuka na kupanda siyo mchezo," Zebedayo aliongeza. "Tangawizi haijauzwa. Keshokutwa ni Alhamisi. Tutashuka wote na gari, tuna hela mkononi."

"Mtoto ana joto, Baba Irine."

"Nimemgusa. Siyo joto la kutisha."

Bibi Ernesta alitoka ndani na chupa ndogo. Ndani yake kulikuwa na dawa nyekundu ya maji, imebaki vidole viwili. Ilikuwa dawa ya kikohozi ya mjukuu wake mwingine, ya tangu mwaka jana.

"Mpe kijiko. Dawa ni dawa," alisema.

Justa alimpa kijiko.

Jumatano Irine alikataa ziwa. Alilishika, akanyonya mara mbili, akaliachia apumue. Akalishika tena, akaliachia. Mwishoni aligeuza uso. Uji aliopewa mchana aliutapika wote. Hakuvuta nywele za mtu. Justa alisema pua imeziba, akampaka mafuta ya kifua, akamfunika vizuri. Halafu alisema maneno ambayo baadaye yalimsumbua masikioni kwa miezi mingi.

"Afadhali kesho ni Alhamisi."

*

Gari lilifika Ikombeni saa tatu asubuhi. Zebedayo alishusha magunia.

"Wewe tangulia hospitali ukachukue namba," alimwambia mke wake. "Mimi nauza haraka nikufuate. Nisije na mikono mitupu wakanifukuza."

"Usichelewe."

"Sichelewi."

Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa. Watu walikaa kwenye mabenchi, kwenye ngazi, kwenye majani, na wengine juu ya magunia yao. Walikuwepo Wapare wa milimani wenye masweta. Walikuwepo wafugaji wa tambarare wenye shuka. Mlinzi aligawa vibao vya namba vilivyokatwa kwa mbao. Justa alipata arobaini na saba. Dirishani walikuwa wanaita kumi na moja.

Hapa yafaa kusema kwamba Justa alilelewa vizuri. Kwao aliambiwa tangu akiwa mdogo kwamba mkubwa akisimama, mdogo hakai. Na alipoolewa, Bibi Ernesta alimwongezea mafunzo yale yale. Malezi hayo ni mazuri. Lakini siku ile yalikaribia kumzika Irine.

Baada ya nusu saa alifika Mzee Anderson, mzee wa kanisa lao, akitembelea fimbo. Magoti yalimsumbua miaka mingi. Kibao chake kilikuwa sitini na tatu.

"Shikamoo baba," Justa alisema, akasimama.

"Marahaba mwanangu. Hivi watu wote hawa wanaumwa?"

"Ni Alhamisi, baba."

"Mimi nitakaa hapa mpaka giza linikute."

Justa aliangalia magoti yake. Akampa benchi. Halafu akampa na kibao. Yeye akachukua sitini na tatu.

"Mungu akuongezee," Mzee Anderson alisema. "Mke wa Zebedayo ana adabu."

Haikupita muda akaja bibi mmoja wa kijiji cha jirani, amejishika kiuno, ana sabini na nane. Justa akampisha naye. Mama aliyekuwa karibu akamwambia, "Una roho nzuri, dada." Justa alijisikia vizuri. Mgongoni Irine alikuwa ametulia. Hakulia wala hakukohoa sana.

Amelala, Justa aliwaza. Afadhali apumzike.

Saa sita waliita hamsini na mbili. Mzee Anderson alikuwa amekwisha kutoka na vidonge vyake vya magoti kwenye bahasha, amekaa kivulini anasubiri gari. Justa alikuwa bado na sabini na nane.

Kando yake alikaa mwanamke mmoja wa tambarare, mtu mzima, mwenye shanga shingoni na jicho moja jekundu. Jina lake Naisula. Alikuwa amekuja kuchukua dawa ya macho. Kwa muda mrefu alikuwa anamtazama Irine kwa lile jicho lake zima.

"Mama," alisema. "Huyo mtoto halali."

"Amelala. Alikesha na kikohozi."

"Mtoto aliyelala ukimgusa anasogea. Mshushe nimwone."

Justa hakupenda. Hakumjua mama huyu. Lakini alikuwa mkubwa kwake, na mkubwa akisema husikilizwa. Akafungua kanga, akampakata Irine. Kichwa cha mtoto kilianguka pembeni kama cha mdoli. Naisula alipandisha gauni la mtoto mpaka kifuani.

"Tazama hapa," alisema.

Justa alitazama. Kila Irine alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilizama ndani, ikaacha shimo. Ikatoka, ikazama. Pua yake ilikuwa inatanuka na kusinyaa.

"Mimi sijui dawa," Naisula alisema. "Najua ndama. Ndama akipumua hivi, na kunyonya hataki, hatumwachi mpaka jioni. Ananyonya huyu?"

"Tangu jana hanyonyi."

"Sasa umekaa hapa unangoja nini?"

"Namba yangu ni sabini na nane."

Naisula alisimama, akamshika Justa kiwiko, akamvuta kupita katikati ya watu. Manung'uniko yakaanza.

"Mama wa porini, hapa siyo kisimani kwenu. Kuna foleni."

"Kisimani kwetu ndama wanyonge tunawapeleka mbele," Naisula alijibu bila kugeuka. "Nyie wa milimani mnafanyaje?"

Dirishani hakukuwa na mtu. Naisula aligonga mlango wa kwanza, kimya. Akagonga wa pili. Akagonga wa tatu, ulioandikwa kwamba usigonge.

Mlango ulifunguliwa. Alitoka nesi mmoja amevaa glavu, jasho likimtoka usoni. Aliitwa Jackline. Nyuma yake alisikika mwanamke akilia kwa uchungu wa kuzaa.

"Nimesema kila mtu asubiri namba..." Jackline alianza. Kisha akamwona Irine.

Alivua glavu. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake bila kuomba. Akamlaza kitandani, akafungua kifua, akashika saa yake na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima.

"Sitini na nne," alisema. "Mtoto wa umri huu ikifika arobaini tu tunashtuka. Mwite dokta Gidion, aache kila kitu." Hayo alimwambia mfagizi, ambaye tayari alikuwa anakimbia. Kisha akamgeukia Justa. "Tangu lini hanyonyi?"

"Jana asubuhi."

"Anatapika?"

"Jana alitapika kila alichokula."

"Amepewa dawa gani?"

"Ya maji. Nyekundu. Ilikuwa ya mtoto mwingine."

Jackline alifumba macho kidogo. "Na hapa hospitali mmefika saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa tatu. Na hii ni saa sita na nusu. Umekaa saa tatu na nusu na mtoto wa namna hii, na hukumwambia mtu?"

"Nilikuwa nawapisha wazee, sista."

Jackline alimtazama. Alitaka kusema kitu kikali, ilionekana. Lakini dokta Gidion aliingia, na hakukuwa na nafasi ya maneno.

Ilikuwa nimonia, ugonjwa wa mapafu. Walimwekea Irine mpira mwembamba puani, umeunganishwa na mashine ya oksijeni. Wakamtafuta mshipa, wakaukosa, wakautafuta tena mpaka wakaupata. Wakampa dawa ya sindano. Justa alisimama ukutani. Kanga ilikuwa bado na joto la mtoto.

"Atapona, dokta?"

"Tumeanza," dokta Gidion alisema. "Tuombe usiku upite vizuri. Ungekuja Jumanne tungempa dawa ya kunywa mkarudi nyumbani."

Maneno hayo yalimwumiza Justa kuliko kelele za nesi.

Zebedayo alifika saa nane, hela ziko mfuko wa shati, amechangamka kwa sababu tangawizi ilikuwa imeuzika vizuri. Alipoona mpira puani kwa mtoto, alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti.

"Mimi ndiye niliyesema tusubiri Alhamisi," alisema.

"Tulisema wote," Justa alimjibu.

*

Ijumaa kulipopambazuka, Irine alifungua macho. Alitazama mpira ule, akataka kuung'oa. Justa alimwekea ziwa. Mtoto akalishika. Alinyonya mara tatu, akapumzika, akanyonya tena. Halafu mkono wake ukapanda taratibu, ukatafuta nywele za mama yake, ukazivuta.

Justa alilia bila sauti.

Alipotoka nje kumwaga maji, alisimama ghafla barazani. Uwanja ulikuwa mtupu. Mabenchi yalikuwa na watu wanne tu. Kuku wa mtu alikuwa anatembea pale ambapo jana hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Kwenye ngazi alikaa nesi Jackline, viatu amevua, anakunywa uji kikombeni.

"Leo ni sikukuu?" Justa aliuliza.

"Leo ni Ijumaa," Jackline alisema. "Karibu ukae. Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya, sista."

"Mungu mkubwa." Jackline alisogea kumpa nafasi. "Jana nilikusemesha vibaya. Unisamehe. Nilikuwa na mama anayejifungua na nesi mwenzangu yuko wodini peke yake. Lakini sikupaswa kukusemesha vile."

Justa hakuzoea kuombwa msamaha na mtu wa ofisini. Akasema lililokuwa moyoni.

"Kule kwetu wanasema wauguzi wa hapa mna dharau. Na kwamba mtu anaumwa asubuhi, mnamtazama jioni."

"Najua wanasema. Jana tulipokea watu mia na arobaini. Unajua leo tutapokea wangapi? Thelathini, wakizidi sana. Jumanne hivyo hivyo. Wauguzi ni sisi sisi wanne, Alhamisi na Jumanne. Hao wanne wagawanye: dirishani, wodini, leba, chanjo. Mmoja akishikwa leba, dirisha linabaki hivyo hivyo. Dokta ni mmoja na tabibu wake mmoja. Tumeomba tuongezewe watu, tunasubiri. Lakini hata wakija wawili, mia na arobaini kwa siku moja bado ni wengi. Mnakuja siku moja wote, halafu mnatuhukumu kwa siku hiyo."

"Ni gari, sista. Na gulio."

"Gari nalielewa. Mwenye magoti ya miaka kumi na aje na gari, ingawa akija Jumanne atahudumiwa kabla uji haujapoa. Ninayemlilia ni mtoto." Jackline aliweka kikombe chini. "Hebu nisikilize, maana utakwenda kuwaambia wenzako. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, hiyo siyo pua imeziba. Shuka naye siku hiyo hiyo. Akitapika kila kitu, shuka. Akipata degedege, au akilegea na kusinzia kiasi kwamba humwamshi, hapo usisubiri hata kumaliza kupika. Na kifua, umeona mwenyewe jana."

"Kinazama."

"Kinazama chini ya mbavu. Mvue nguo umtazame akiwa ametulia. Mama wengi wanamfunika mtoto mablanketi, kifua hawakioni. Na mtoto mgonjwa akinyamaza, usifurahi mapema. Mguse. Mwite."

Justa alirudia maneno yale polepole, kama alivyokuwa akirudia darasani. Jackline alimsahihisha mara moja tu.

"Kingine," nesi alisema. "Ile dawa nyekundu mkaitupe. Dawa ya mtoto mmoja haigeuzwi kuwa ya mwingine, na ya mwaka jana hata mwenyewe hapewi."

"Na foleni je? Ningepitaje mbele ya wazee?"

"Foleni ya hospitali haiangalii umri wala nani kafika kwanza. Inaangalia nani yuko hatarini. Ukifika na mtoto mwenye dalili hizo, hata kama mbele yako kuna askofu, unakwenda dirishani unasema: mtoto wangu hanyonyi. Basi. Dirisha likiwa tupu, gonga. Yule mama wa jana alinigongea mlango wa leba. Ningeweza kumkasirikia. Leo nasema alifanya vizuri."

Wakati huo Zebedayo alikuja kutoka wodini, hela bado mfukoni, uso una wasiwasi.

"Samahani sista. Nilitaka kujua deni letu limefika wapi. Oksijeni, sindano, kitanda. Kama ni mbuzi wa kuuza, nijue mapema."

"Mtoto wa chini ya miaka mitano hapa kwetu halipii matibabu," Jackline alisema. "Imebandikwa pale mlangoni."

Zebedayo alikwenda mlangoni. Akainama. Akainama zaidi.

"Sista, haya maandishi ni ya sisimizi kusoma."

Jackline alicheka mpaka uji ukataka kumwagika. "Kweli ni madogo."

"Sasa mimi nilisubiri siku mbili nipate hela ya kitu ambacho hakilipiwi."

Hakuna aliyecheka tena.

"Kwa mtu mzima ndiyo kuna gharama," Jackline alisema baadaye kwa upole. "Mwenye kadi ya bima anakuja nayo. Asiye na uwezo kabisa anaonana na afisa ustawi wa jamii, chumba namba sita, anasikilizwa. Kila hospitali ina utaratibu wake, kwa hiyo ulizeni. Msijipangie bei mkiwa nyumbani halafu mkaogopa bei mliyojipangia wenyewe."

Kisha aliingia ndani, akarudi na karatasi na kalamu. Aliwaonyesha kisanduku cha bati kilichotundikwa ukutani, kimefungwa kufuli.

"Hilo ni sanduku la maoni. Tangu mwezi wa tano lina karatasi mbili. Watu wanatusema ndani ya gari wakipanda, sisi hatumo ndani ya gari. Andika, Mama Irine."

Justa alirudisha mikono nyuma. "Niandike ubaya wenu, na mtoto wangu bado yuko kitandani kwenu?"

"Ufunguo sina mimi wala dokta. Unakaa kwa mjumbe wa kamati ya hospitali, mtu wa kijijini. Na hulazimiki kuweka jina."

Justa alimaliza darasa la saba zamani, na tangu hapo hakuandika zaidi ya orodha ya vitu vya dukani. Alikaa na ile karatasi mpaka saa tano. Alipomaliza alikuwa ameandika hivi:

"Alhamisi nilikaa saa tatu na nusu na mtoto anakufa mgongoni sikujua. Hakuna mtu wa hospitali aliyepita kutuangalia. Aliyemwona ni mama mwenye jicho bovu. Wekeni mtu apite kwenye mabenchi atazame watoto. Wekeni dalili kwenye ubao, maandishi makubwa. Na habari ya watoto kutolipa iwe kubwa. Nesi aliniomba msamaha, asante. Justa wa Mrindo."

Jina aliliweka.

Mchana Naisula alipita, ameshika chupa ya dawa ya macho mkononi. Jana alikuwa amekosa namba kwa ajili ya kugonga milango, akalala kwa ndugu yake. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia.

"Ndama wako amenyonya?" aliuliza.

"Amenyonya, mama."

"Basi," Naisula alisema, akaondoka zake.

*

Irine alirudi nyumbani Jumatano iliyofuata. Bibi Ernesta alimpokea njiani, akamvua sweta pale pale na kukitazama kifua chake. Alikwishaambiwa yote na Zebedayo. Ile chupa nyekundu alikuwa ameitupa chooni mwenyewe, bila kuambiwa mara ya pili.

Jumamosi wenye mashamba walikutana kwenye ndiva kusafisha matope, kama desturi. Walipopumzika, Zebedayo alisimama. Hakuwa msemaji.

"Ndugu zangu, mnajua yaliyonipata. Sikumshusha mtoto Jumanne kwa kuogopa kupoteza maji. Nimehifadhi mahindi, mtoto nusura nimpoteze. Naomba tukubaliane. Mtu akishuka na mgonjwa siku ya zamu yake, zamu yake itunzwe. Jirani amfungulie maji."

Wengine walisita. Mmoja alisema watu watajifanya wana wagonjwa ili wapate vijana wa kuwanyweshea bure. Wakacheka, maana wote walijua anamsema nani. Ndipo Mzee Anderson alipoegemea fimbo yake.

"Mimi nilichukua namba ya yule mtoto," alisema. "Nikaenda kutibiwa magoti. Toka siku ile sijalala vizuri. Zamu itunzwe."

Ikatunzwa. Na Elibariki, mwenye bodaboda, akakubali kushusha mtoto mgonjwa siku yoyote na kupokea malipo yake Alhamisi.

Kule hospitali, kamati ilifungua sanduku mwisho wa mwezi. Hawakupata wauguzi wapya. Hilo bado wanalisubiri. Lakini walimtafuta mhudumu wa afya wa jamii. Kila Alhamisi, tangu saa mbili, anapita benchi hadi benchi anatazama watoto na wajawazito, na anayemtilia shaka anamtoa foleni. Ubao mkubwa umesimama getini. Herufi zake unazisoma ukiwa gulioni.

Mwezi wa kumi na moja mafua yalirudi Mrindo. Jumatatu Irine alikohoa. Jumatatu hiyo hiyo jioni Justa alimvua nguo akamtazama, akamwona anapumua haraka kidogo, ananyonya, anacheza. Jumanne asubuhi walipanda bodaboda ya Elibariki. Mbele yao hospitalini kulikuwa na watu watatu. Dokta Gidion alimpa dawa ya kunywa, akaeleza namna ya kuinywesha, na saa sita walikuwa nyumbani. Maji ya ndiva yalikuwa yameshapita shambani. Jirani alikuwa ameyafungua.

Wewe unayesoma haya na una mtoto mgongoni, mshushe kwanza umtazame. Hadithi hii haikuandikwa kukupotezea muda.

Imebaki habari moja. Alhamisi ya mwisho wa mwezi ule, Bibi Ernesta alishuka na gari kwa ajili ya mgongo wake. Justa alimsindikiza. Walikaa tangu asubuhi, na hatimaye namba yao ikawa inafuata. Yule mhudumu wa mabenchi alikuwa ametoka kumpeleka mjamzito ndani. Mara akaingia binti mmoja wa tambarare, mdogo, amechoka kwa njia, amembeba mtoto ndani ya shuka. Alisimama nyuma ya watu wote, ameinamisha kichwa kwa adabu.

Bibi Ernesta alimtazama. Akainuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye fimbo.

"Wewe mwanangu, mtoto ananyonya?"

Yule binti akatikisa kichwa kukataa.

"Njoo huku." Bibi Ernesta alimshika mkono, akamweka mbele ya dirisha, mahali pake mwenyewe. Kisha akaligonga dirisha kwa fimbo.

"Bibi, na mgongo wako?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Huu unauma tangu enzi za marehemu mume wangu," Bibi Ernesta alisema. "Utasubiri."